Usifunge sampo ya chuma kwa boliti za sampo ya plastiki (Discovery 3)

Mkuu, mwambie fundi wako aweke spana chini kwanza. Umeandika kwamba sampo ya plastiki (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) ya Land Rover Discovery 3 yako inavuja pembeni, kwamba umepata sampo ya chuma kwa bei nafuu, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa boliti zako za zamani zitatosha. Kisha ukauliza ipi hudumu zaidi, oili gani itumike na lita ngapi. Maneno hayohayo ya boliti niliambiwa mimi miaka mitatu iliyopita katika duka la spea Kariakoo, nikayaamini, na yakanigharimu giaboksi nzima.

Giaboksi hiyo ni ZF 6HP26. Sampo yake ya plastiki imeungana na filta, na ukingo wake ni mnene, kwa hiyo boliti zake 21 ni ndefu ili zipite katika unene huo kabla ya kuingia kwenye bodi ya giaboksi, ambayo ni ya aluminiamu. Ukingo wa sampo ya chuma ni bati jembamba. Ukitumia boliti zilezile, ncha hufika mwisho wa tundu kabla kichwa hakijaibana sampo, na fundi akiona spana imegoma huamini kwamba amekaza, kumbe gasketi haijaguswa.

Kwangu oili ilianza kudondoka ndani ya wiki moja. Fundi aliongeza nguvu, boliti mbili zikazunguka bure, na alipozitoa zilikuja na thredi za aluminiamu zimejiviringisha kama waya. Akapaka silikoni, akanitakia safari njema. Nilikuwa naelekea Iringa na familia. Hadi Mikumi gari lilikuwa zuri, lakini tulipoanza kupanda Kitonga injini ilinguruma bila mwendo kuongezeka, malori yakiwa nyuma yangu na watoto wakiuliza kwa nini tunasimama mlimani. Oili ilikuwa imepungua mpaka pampu ikavuta hewa, presha ikashuka, na klachi za ndani zikateleza hadi zikaungua. Wanaonifahamu wanajua kuwa mimi si mtu wa papara, hata chai huipuliza mara tatu kabla ya kuionja. Lakini mtu wa kaunta akikuapia kwa uso mkavu, ni nani asiyemwamini?

Yule muuzaji sijamsamehe. Baadaye, nikitafuta giaboksi iliyotumika, niliiona seti ya sampo ya chuma kama niliyouziwa, ikiwa bado imefungwa: ndani yake mlikuwa na sampo, filta ya peke yake, gasketi na boliti fupi. Yeye aliifungua seti, akaniuzia sampo tupu na filta, akaniacha nirudi na boliti zisizofaa, huku akijua kilichokuwa ndani ya boksi.

Kwa hiyo nakusihi: sampo, filta, gasketi na boliti ni spea moja. Kama hawezi kukupa vyote vinne kutoka boksi moja, mrudishie sampo yake, hata kama ameshusha bei hadi nusu. Ni afadhali ununue tena ya plastiki, kwa sababu boliti zako zinaikubali na filta iko ndani yake tayari.

Kuhusu oili, tumia ZF LifeguardFluid 6 au nyingine iliyoidhinishwa kwa giaboksi hiyo, na kipimo chake huangaliwa injini ikiwa inaunguruma, gari likiwa limelala sawa, oili ikiwa kati ya nyuzi joto 30 na 50.

Kabla fundi hajaingia chini ya gari, chukua boliti moja ya zamani, ipitishe katika tundu la ile sampo ya chuma, kisha uipitishe katika tundu la sampo ya plastiki, upime kwa rula urefu unaotokeza upande wa pili. Niandikie vipimo vyote viwili leo hii.