Maswali ya Wasomaji: Njia ya Matroli, Mji wa Kale hadi Kilindini

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Sisi ni vijana wanne, twataka kuichora upya njia ya matroli, vigari vya reli vilivyosukumwa na watu, iliyokuwa ikiunganisha Mji wa Kale wa Mombasa na Kilindini. Tumesoma kwamba Uingereza njia za kale za reli za magari ya farasi hujulikana kwa mawe yenye matundu yaliyobaki ardhini. Je, na hapa tutafute mawe kama hayo? Tuanzie wapi? (Wasomaji, Kizingo)

JIBU: Waaleikum salaam. Mawe hayo msiyatafute, Mombasa hamtayapata. Kule farasi alipita katikati ya reli, na mataruma, yaani magogo ya kubebea reli, yaliyolala njiani yangemkwaza. Kwa hiyo kila reli iliketi juu ya mawe yake pembeni: jiwe likatobolewa, tundu likazibwa kwa kigingi cha mti, na msumari ukapigiliwa humo. Njia ya Peak Forest huko Derbyshire, iliyofunguliwa 1796, ingali na mawe ya namna hiyo.

Yetu ina asili nyingine. Mwaka 1890 Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika bara reli nyembamba, upana wake futi 2, yaani sentimita 61. Kazi ikakwama baada ya maili chache tu. Reli zikang'olewa, zikaletwa kisiwani, na juu yake vikapita vigari vyenye benchi na kipaa cha turubai, vikisukumwa na watu kwa nyuma. Njia ilikuwa moja, na matroli mawili yakikutana, moja huinuliwa likawekwa kando ili jenzake lipite. Maofisa walikuwa na vijia vyao vilivyochepuka hadi mlangoni. Miaka ya 1920 magari ya mafuta yakayamaliza.

Basi anzeni na picha. Kadi za posta za zama hizo ni nyingi, na barabara ya Kilindini, sasa Moi Avenue, huonekana mara kwa mara. Kwanza someni maandishi ya vibao vya maduka: yakiwa kinyume, picha imechapwa kinyumenyume na reli itawatokea upande usio wake. Kisha mtafuteni mtu aliyesimama karibu na reli, mfananishe kimo chake na nafasi ya reli mbili pale pale alipo, kwa njia inayokwenda moja kwa moja kutoka kwa mpiga picha. Ikiwa ni zaidi kidogo ya theluthi ya kimo chake, hiyo ni njia ya troli. Ikipita nusu, mwaangalia reli ya Uganda, ambayo upana wake ni mita 1. Tarehe ya stempu ya posta si tarehe ya picha. Kadi huuzwa miaka mingi baada ya kupigwa.

Ramani zitafuteni Nyaraka za Taifa, Nairobi, na maktaba ya Fort Jesus. Mkiilaza ramani ya kale juu ya ya leo, chukueni alama zisizopungua sita zisizohama: pembe za ngome, mnara wa msikiti wa Mandhry, Memorial Cathedral. Zitawanyeni. Alama zote zikiwa upande wa ngome, mwisho wa Kilindini utapinda. Ufuko wa Kilindini nao msiutegemee, umejazwa kwa ajili ya gati. Na ramani zilizopimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, lazima zigeuzwe kuwa WGS84, mfumo unaotumiwa na simu, kabla ya kuingia kwenye simu, la sivyo njia yenu itasogea mita 300 hivi, yaani mitaa kadhaa.

Pale ramani inaponyamaza, kumbukeni kwamba reli nyembamba hukata kona kali, hata ya nusu kipenyo cha mita 10, lakini mlima mkali huwachosha wasukumaji. Kona ya uchochoro isiwatishe. Mteremko ndio wa kuuliza.

SWALI: Pana nguzo ya lango mtaani kwetu iliyotengenezwa kwa kipande cha reli. Nitajuaje kama ilitoka kwenye njia ya matroli? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Pima kimo chake, toka kitako hadi utosi. Reli nyepesi za njia za aina hii huwa sentimita 5 hadi 7. Reli za kwanza za Uganda zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, kiasi cha kilo 25 kwa mita, na kimo chake hukaribia sentimita 10. Kutu nene huongeza milimita kadhaa, kwa hiyo kwangua kidogo kwanza. Hata ikiwa ndogo, bado si ushahidi wa njia: mashamba ya mkonge, kama ya Tanga, nayo yalikuwa na reli nyembamba, na chuma chakavu husafiri. Iandike pamoja na mahali ilipo, usiichore kwenye ramani.

SWALI: Tunaweza kuchimba kidogo pembeni mwa barabara kutafuta mataruma? (Msomaji, Makadara)

JIBU: Hapana. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 yataka kibali kabla ya kuchimba kutafuta vitu vya kale, na Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Isitoshe, njia ikishang'olewa na barabara kutiwa lami mara kadhaa, kilicho chini yaelekea kuwa kifusi tu juu ya mwamba wa matumbawe. Badala yake tazameni malango ya nyumba kongwe: penye lango pana kuliko haja ya mtu, na sakafu iliyo sawa na barabara bila ngazi, ndipo huenda kijia cha troli kiliingia. Pimeni upana, pigeni picha, na ombeni ruhusa ya mwenye nyumba.