Picha ya ndani ya jicho: lipa, ila ondoka na nakala yako

Ndugu uliyeuliza, umesema ulienda kupimwa miwani hapa Kampala, wakataka uongeze pesa ya picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukaona unaibiwa. Mimi ningelipa, hasa kwa kuwa mama yako ana kisukari.

Nina kisukari aina ya pili, na siku nilipopigwa picha ya kwanza nilikuwa naona vizuri kabisa. Unaweka kidevu kwenye kishikio, unatazama kitaa kidogo cha kijani, halafu mwanga unakumulika pwaa! Hauumi. Kisha daktari akanigeuzia kompyuta: duara la rangi ya machungwa, upande mmoja kitu kama sarafu ya njano pale mshipa wa fahamu unapoingilia, na mishipa ya damu imetawanyika kama mizizi. Jicho la kushoto lilikuwa na vidoa vyekundu viwili, vidogo kama ncha ya kalamu. Sukari imelegeza kuta za mishipa, akasema. Mimi sikuwa nimehisi chochote.

Mwaka uliofuata nikarudi, naambiwa kompyuta iliharibika na picha zangu zimepotea. Vidoa sasa vinne, na hakuna cha kulinganisha nacho! Tangu hapo sitoki mlangoni kabla sijatumiwa picha za macho yote mawili kwa WhatsApp, zikiwa na tarehe. Kwa presha ya macho ndiyo zaidi: kishimo kilicho katikati ya ile sarafu hupanuka polepole, na bila picha ya zamani ni kazi kujua kama kimepanuka.

Ila wasikupe picha badala ya matone ya kupanua mboni, yanayomwezesha daktari kuchungulia mpaka pembeni. Kamera ya kawaida inachukua kama digrii 45 tu, huko pembeni haifiki, na retina inaweza kuchanika hukohuko. Mtu mwenye mtoto wa jicho naye picha yake hutoka na ukungu.

Matone yana adha yake, sikufichi. Nilitoka saa saba mchana, jua likanichoma, meseji ya pesa ya simu ikabidi anisomee bodaboda. Beba kofia, na usiendeshe gari.

Huyo mama ndiye wa kwanza kumpeleka. Mwenye kisukari aina ya pili hupimwa macho pale tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata akikuambia bado anatunga uzi kwenye sindano.