Deraya ya mabamba: majibu kwa wanaoanza

Safari hii najibu wanaotaka kujitengenezea deraya ya kifua ya Ulaya ya karne ya 14, ile ambayo kwa nje ni kama kizibao kilichojaa vichwa vya ribiti, kumbe ndani kumepangwa mabamba ya chuma.

Fundi, mimi nashona nguo hapa Nakuru, chuma sijawahi kukigusa. Nianze na brigandini au na hii ya mabamba makubwa?

Anza na ya mabamba makubwa. Brigandini ilishamiri karne ya 15, nayo ina mamia ya vipande vidogo. Anayeanza huchoka kabla hajafika kiunoni. Na kwa kuwa cherehani unaijua, umeshapiga hatua kubwa, maana kinachoishika deraya hii yote ni nguo.

Cha muhimu zaidi: chagua deraya moja iliyokuwepo kweli, uiige hiyo hiyo. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwashinda wakulima wa kisiwa cha Gotland nje ya kuta za mji wa Visby, katika Sweden ya leo. Maiti zilifukiwa katika makaburi ya halaiki, nyingine zikiwa bado na deraya mwilini. Wachimbuaji wa karne ya 20 walipata deraya zipatazo 25, na Bengt Thordeman akazichambua bamba kwa bamba katika utafiti ulioanza kuchapishwa 1939. Nguo na ngozi zilikuwa zimeoza karibu zote, lakini mabamba yalibaki na ribiti zake, ndiyo maana tunajua mpangilio wake. Nyingine zina mabamba makubwa machache, nyingine zina mamia ya vipande. Ukichukua bega la hii na kiuno cha ile, utapata vazi ambalo hakuna mtu aliyewahi kulivaa.

Kwa nini chuma kifichwe ndani ya nguo? Si kingependeza kikionekana?

Wahunzi wa wakati ule walipata shida kufua bamba moja pana, jembamba, lisilo na ufa, litoshe kifua kizima. Vipande vidogo viliwezekana kwa wengi. Nguo ikawa ndiyo inayoviunganisha, huku kila bamba likipanda kidogo juu ya mwenzake ili pasibaki upenyo. Mvaaji akiinama, mabamba yanateleza pamoja naye. Na uzuri haukukosekana: nguo ilibeba rangi, na vichwa vya ribiti vikapangwa kwa safu zinazovutia macho.

Nina mabati ya paa yaliyobaki. Yatafaa?

Hapana. Bati la geji 30 au 28 ni jembamba mno, litakunjika kwa pigo la kwanza. Isitoshe lina zinki, na zinki ikipashwa moto hutoa moshi unaodhuru mapafu. Nunua shiti ya chuma cha kawaida ya milimita 1.2. Kabla hujakata, piga hesabu ya uzito: mita moja ya mraba ya unene huo ina takriban kilo 9.4, na kumbuka kwamba mabamba yakipandana eneo linaongezeka. Ukichagua milimita 2 kwa tamaa ya kinga, utaibeba tofauti hiyo mabegani siku nzima.

Ribiti zinanishinda. Nikigonga, zinapinda au nguo inachanika. Nimefikiria kutumia zile za bunduki ya ribiti.

Usizitumie, tafadhali. Zina tundu katikati na hazikuwepo enzi hizo. Yeyote anayezijua ataziona kutoka mbali. Tumia ribiti ngumu za chuma au misumari laini yenye kichwa kipana.

Nguo usiitoboe kwa kukata. Chukua maharazi, usukume nyuzi pembeni taratibu mpaka msumari upite. Nyuzi zikibaki nzima, tundu linajibana lenyewe kwenye shingo ya msumari. Kichwa kinakaa nje, juu ya nguo, na ncha inatokeza ndani kupitia bamba. Laza kichwa juu ya chuma kizito, kisha kata ncha ibaki kama milimita 3 kwa msumari wa unene huo huo. Ikizidi hapo ndipo inapopinda. Sasa gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kuzunguka ukingo, mpaka ncha ifure kama kofia ya uyoga. Pigo moja zito la katikati ndilo linaloharibu kazi. Tundu la bamba nalo lisiwe pana kuliko msumari, na lipigwe tupa pande zote mbili kabla, kwa sababu kingo kali za tundu ndizo zinazokata nguo.

Kitambaa gani?

Kitani kizito cha tabaka mbili, au sufu nzito juu na kitani chini. Ngozi pia ilitumika. Poliesta iache dukani.

Nimemaliza, lakini nikiinua mikono deraya inapanda hadi kidevuni.

Bila shaka ulijipima ukiwa na fulana. Chini ya deraya hii huvaliwa koti nene la kitani lililoshonwa tabaka kwa tabaka au kujazwa pamba, na mara nyingi deraya ya pete, yaani vazi la vipete vya chuma vilivyounganishwa, juu yake. Tengeneza koti hilo kwanza, livae, ndipo ujipime. Kata mabamba yote kwa kadibodi, yabandike kwenye kitambaa cha bei rahisi, kisha keti, inama, inua mikono. Makwapa yanahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani, na kiuno kibane vizuri ili uzito ushuke nyongani. Deraya nyingi za Visby zilifungwa mgongoni kwa mikanda, kwa hiyo utahitaji mtu wa kukufunga.

Mwanangu anauliza: kuna mtu mweusi aliyewahi kuchorwa na deraya hii?

Yuko, na mwambie ni miongoni mwa ushahidi bora tulio nao. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa kati ya 1240 na 1250 hivi, zaidi ya miaka 100 kabla ya Visby. Mchongaji alimpa uso wa Mwafrika, bila dhihaka yoyote, akamvika deraya ya pete na juu yake vazi la mabamba, ribiti zikionekana wazi. Wanaotafiti mwanzo wa deraya hizi huanzia kwenye sanamu hiyo. Mtafutie picha yake, ukipata ya ubavuni ndiyo nzuri zaidi.

Kutu je, hasa huku Mombasa?

Paka mabamba mafuta ya kitani kabla ya kuyafunga, uyapashe moto kidogo yashike. Ukishaivua, itundike penye upepo, usiikunje ikiwa na jasho.