Dada, usimrudishe kijana uwanjani kabla ya miezi tisa

Usikubali! Unauliza chuo kipi kizuri, kama anahitaji wakala, na kama ni sawa mwanao acheze futiboli ya Marekani mwezi ujao, miezi mitano tu tangu apasuliwe kano ya goti, eti kwa sababu maskauti (wasaka vipaji) wa vyuo watakuja Texas kumtazama. Hata mimi niliambiwa hivyohivyo kuhusu wangu, nikatia saini acheze.

Wangu naye alikuwa raningibeki, yule anayebeba mpira na kukimbia nao. Mazoezini alikimbia vizuri, goti halikuvimba, kila mtu akashangilia. Lakini raningibeki hakimbii moja kwa moja. Anakanyaga, anakata kona ghafla, huku jitu la kilo mia linamrukia magotini. Kano mpya hutengenezwa kwa kipande kinachotolewa sehemu nyingine ya mwili, na huchukua miezi mingi kukomaa hata kama maumivu yaliisha zamani. Kocha hakunieleza hilo. Alichosema ni kwamba kijana yuko tayari, tusimnyime bahati yake. Mechi ya pili tu, kijana akageuka, hakuguswa na mtu, akaanguka. Kano ileile ilikatika tena, na safari hii gegedu nalo likachanika. Kocha hospitali hakukanyaga. Jumatatu alikuwa ameshampanga mwingine. Mpaka leo nina hasira naye, maana alicheza kamari na mguu wa mtoto wa mwenzake.

Kwa hiyo shika hili: miezi tisa kamili, kisha apimwe nguvu za paja na kuruka kwa mguu mmojammoja. Mguu uliopasuliwa usipofikia asilimia 90 ya ule mzima, hachezi. Anayeamua ni daktari aliyempasua. Kocha hahusiki.

Wakikutisha kwamba akikosa msimu ndoto imekufa, wakumbushe Saquon Barkley, raningibeki wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Kano ya goti ilikatika Septemba 2020 akiwa timu ya Giants, akarudi mechini Septemba 2021. Mwaka 2024 akiwa Eagles alikimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida, na timu ikatwaa ubingwa. Lakini Marcus Lattimore, raningibeki wa chuo cha South Carolina, hakubahatika: aliumia goti moja 2011, la pili 2012. Timu ya 49ers ilimchagua 2013, akastaafu 2014 bila kucheza hata mechi moja ya NFL, na huyo alikuwa na madaktari wa timu nzima nyuma yake.

Majibu ya vipimo yadai kwa maandishi. Na hata akifaulu, wiki za kwanza afanye mazoezi ya kukata kona bila kukabwa na mtu.