Biti Moja, Watu Wawili: Nani Aseme Imekwisha?

Kama unatafuta mtu wa kutengeneza naye biti, yaani muziki anaoimbia msanii, usimtafute anayependa kila unachopenda wewe. Huyo mtapiga naye stori vizuri, mtasikilizishana ngoma mpaka usiku wa manane, lakini mkiingia studio mmoja wenu hana kazi. Mimi nimekulia kwenye hip-hop: besi, snea kavu, mistari. Mwenzangu ametokea kwenye kinanda cha taarabu. Amepiga kwenye harusi za Tanga hii, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe, kabla hajajua programu ya muziki inafunguliwaje. Nyimbo ninazozijua mimi yeye hazijui, na za kwake nusu yake mimi nilikuwa nazidharau. Timu yetu imesimama hapo.

Vijana wanaoanza wakikutana na sisi, swali lao la kwanza ni programu gani, laptopu gani. Jibu fupi: hiyohiyo uliyonayo. FL Studio inatosha kabisa. Swali ambalo hawaulizi, na ndilo linalovunja timu, ni hili: mkibishana, nani mwenye neno la mwisho?

Kwetu sheria ni moja. Aliyeanza biti siye anayeimaliza. Mimi nikianza na ngoma na besi, faili linahamia kwake, na yeye ndiye atakayesema imekwisha. Akianza yeye na kinanda, mimi ndiye wa kufunga. Mwenye zamu ya kumaliza ana ruhusa ya kufuta chochote, hata kile mwenzake alichokikeshea. Inauma, wallahi, lakini ubishi unakuwa na mwisho. Zile timu zinazoamua kila kitu kwa maelewano nimeziona nyingi, na laptopu zao zimejaa biti nusunusu.

Nieleze kwa mfano. Nilianza biti ya kuchania (ya kurap), nne kwa nne, yaani mapigo manne kila baa, kasi ya mapigo 90 kwa dakika. Faili likaenda kwake, akarudi na kinanda chenye mwendo wa chakacha, ngoma ya harusi za pwani, sita kwa nane, inayotembea tatu-tatu. Ukivipanga viwili hivyo kwenye mistari ya kawaida ya programu, kinanda kinachechemea. Tulichofanya ni kuacha kiki (ngoma nzito) na snea (ngoma ya mlio mkali) palepale, kiki kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne. Kisha kila pigo tukaligawa mara tatu badala ya mara nne, haihati (visahani) na dumbaki, ngoma ya taarabu, zikakaa humo kwenye tatu-tatu. Mchanaji anasikia nne zake, shangazi yake harusini anasikia chakacha, na wote wako sawa. Mimi nilikuwa nimeweka na gitaa, nikilipenda sana. Mwenzangu akalifuta lote, akaacha besi na kinanda peke yao kwa baa nane za mwanzo. Nikang'aka. Akaniuliza, “Mgosi, zamu ya nani?” Nikanyamaza.

Chakacha kwenye hip-hop si ushamba. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliotia magitaa ya umeme kwenye taarabu. Ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wagosi wa Kaya nao, Mkoloni na Dr. John, watu wawili tu, walichana shida za nchi nzima kwa lafudhi ya kwetu bila kuona haya. Kijana wa Makorora anayenakili biti za Atlanta, Marekani, anashindana na watu wa Atlanta, na wao wameanza zamani.

Ila usiende kukata vipande vya rekodi za wazee ukadhani hazina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na aliyerekodi naye ana haki zake pembeni. Sisi hatukati. Mwenzangu anasikiliza ule mtindo, anafunga redio, anapiga kitu chake kipya. Ndiyo faida ya kuwa na mpiga kinanda ndani ya nyumba.

Kuhusu chumba sina mengi. Godoro ukutani, feni inazimwa wakati wa kuingiza sauti (Januari utajuta), na saa za adhana tunazijua kuliko ratiba ya wateja, maana maikrofoni inadaka kila kitu. Mvua ikigonga bati, siku hiyo tunafanya mixi, kusawazisha sauti zilizokwisha kuingizwa.

Sasa hela, na hapa nitakaa kidogo. Andikeni asilimia kabla msanii hajasikia biti. Sisi ni nusu kwa nusu kwenye kila kazi, hata kama mmoja ameweka noti mbili tu za kinanda, kwa sababu siku mtakayoanza kuhesabu noti hamtatunga tena. Wengine hugawana kulingana na mchango, sawa, mradi iwe kwenye maandishi na tarehe, hata meseji ya WhatsApp kuliko kauli tupu. Mkisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, yaandikwe majina yote mawili. Kuna msanii mmoja wa Dar aliwahi kututolea ngoma akamtaja mmoja wetu tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipokea simu zake. Toka siku hiyo majina yetu mawili yanatamkwa pamoja mwanzoni mwa kila biti, kwa pumzi moja, na biti haitoki bila hayo.

Vifaa pia: spika zikinunuliwa, iandikwe ni za nani. Na jina la timu ndilo linalosahaulika zaidi. Pharrell Williams na Chad Hugo wamejuana tangu utoto huko Virginia, wakawa The Neptunes, timu ya watengeneza biti, dunia ikacheza ngoma zao. Mwaka 2024 wakajikuta wanavutana kuhusu usajili wa jina hilohilo kama alama ya biashara huko Marekani. Kama wao na mawakili wao wamefika huko, ninyi wawili wa Mikanjuni mnasubiri nini? Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mlisajili likiwa na wamiliki wawili, wakati bado mnacheka pamoja.

Mmoja akihamia Dar, msiombolezane. Tumianeni kila chombo kwenye faili lake, vyote vikianzia sekunde sifuri, ili mwenzako akivifungua vipangane vyenyewe. Kwenye jina la faili andikeni kasi, ufunguo wa muziki, na mwishoni herufi ya mwenye zamu ya kumaliza. La kwetu la wiki hii linaanza na 90 na linaishia na herufi ya mwenzangu. Kuna sehemu ya besi inaniwasha vidole, lakini siruhusiwi kuigusa.