Mti wa kumkumbuka Malkia Elizabeth II: tuupande lini, na kibao tukifunge wapi?

Swali: Tunaishi Leicester, Uingereza. Bustani yetu ya nyuma ni ndogo na udongo ni wa mfinyanzi. Tunataka kupanda mti wa kumkumbuka Malkia Elizabeth II tarehe 8 Septemba, siku aliyofariki, na kufunga kibao chenye jina lake kwenye shina. Tuchague mti gani?

Jibu: Nia yenu ni njema, ila tarehe hiyo itautesa mche. Septemba mti bado una majani yanayopoteza maji, na miche ya mizizi mitupu (isiyo na udongo mizizini), ambayo ni rahisi na hushika vizuri, vitalu huiuza kuanzia Novemba hadi Machi mti ukiwa umelala. Ndiyo maana kampeni ya kupanda miti ya Queen's Green Canopy, iliyoanzishwa 2021, ilirefushwa hadi mwisho wa Machi 2023 baada ya msiba. Mkitaka siku yenye maana, chagueni 6 Februari: siku hiyo mwaka 1952 alirithi kiti cha baba yake akiwa Kenya, kwenye hoteli ya Treetops, Aberdare. Udongo ukiwa umeganda kwa barafu au umejaa maji, ahirisheni.

Kwa mfinyanzi, pandeni tofaa-pori, Malus 'Evereste'. Ukiwa umepachikwa juu ya shina-mzizi MM106 (mche wa chini unaotoa mizizi na kuamua ukubwa wa mti) hukomea mita 4 au 5 hivi, na matunda yake huanza kupata rangi Septemba, kwa hiyo kumbukumbu ya kifo itaukuta umependeza. Mwaloni usahauni: kwenye mfinyanzi hufyonza maji mengi, ardhi ikasinyaa na msingi wa nyumba ukapasuka.

Loweka mizizi nusu saa. Chimba shimo la mraba, kina sawa na mizizi, upana mara tatu yake. Koleo hulainisha kuta za mfinyanzi, na shimo hugeuka ndoo: maji hayatoki, mizizi inaoza. Zichomechome kuta kwa uma wa bustani. Pigilia kigingi kwanza, upande wa kusini-magharibi unakotoka upepo mwingi, kisha weka mche. Laza fimbo juu ya shimo. Pale mizizi ya kwanza inapotawanyika pawe usawa wa fimbo, na kovu la kupachikia libaki juu ya udongo. Rudisha udongo uleule. Msitie mboji wala samadi shimoni, kwani ikioza hushuka, mti ukazama na shina likafukiwa. Funga mti kwenye kigingi kwa mkanda wa mpira, kwenye theluthi yake ya chini, na uulegeze kila mwaka.

Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8, duara la mita moja, yakae sentimita 10 mbali na shina. Kiangazi cha miaka miwili ya mwanzo, mvua ikikosekana, mwagia lita 20 hadi 30 kwa wiki kwa mkupuo mmoja. Kunyunyiza kidogokidogo kila siku hubakiza mizizi juu juu.

Kibao kisiguse shina kabisa. Waya haukui na mti: shina likinenepa, unazama ndani ya gome na kukata njia ya chakula kinachoshuka mizizini, na mti hufa polepole huku wenyewe mkilaumu udongo. Msumari nao hufungua mlango wa kuvu. Kisimamisheni kwenye kigingi chake, nje ya matandazo, kiwe cha chuma kisichoshika kutu au jiwe, na herufi zichongwe, maana zilizochapwa hufifia kwa jua. Chini ya jina la Malkia ongezeni aina ya mti, shina-mzizi na mwaka wa kupanda. Atakayeupogoa baadaye atavihitaji.