Nitajuaje kama maji yametiwa dawa kweli?

SUALI: Asalaam aleykum. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, shehia moja ya Wilaya ya Micheweni. Tunahimiza klorini kwenye maji na kunawa kwa sabuni, kwa sababu ya kipindupindu. Kila nyumba hunijibu "tunafanya", na wagonjwa bado wapo. Nitaujuaje ukweli bila ya kugombana na watu? — Msomaji, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam. Kinachokuponza ni suali lenyewe. Mtu akiulizwa mlangoni kwake "Jee, mnatia dawa?" hujibu jibu la heshima. Wewe omba maji ya kunywa. Tazama yanatoka wapi, mtungini au kwenye dumu, pana kifuniko au hapana, na yanachotwa kwa kata yenye mpini au kwa kikombe kinachozama pamoja na vidole. Kisha yapime.

Suuza kichupa kwa maji hayo hayo, jaza mililita 10, tia kidonge cha DPD namba 1, yaani cha kupimia klorini, bila ya kukigusa kwa vidole, tikisa mpaka kiyeyuke, usome rangi hapo hapo. Waridi inayolingana na klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita kwenye kipimo cha rangi inatosha. Yakibaki meupe usimwite mwenyeji muongo, muulize ametia lini na kiasi gani. Maji ya tope hula klorini, mtungi wa udongo nao hula, na dawa ya juzi huwa imeshakwisha nguvu. Hata waridi inaweza kukuhadaa: maji yaliyotiwa dawa sasa hivi huonesha rangi nzuri, ilhali dakika 30 za kusubiri hazijatimia.

Kwa kunawa, nenda chooni. Sabuni iliyolowa inatumika. Iliyokauka ikapasuka imewekwa kwa ajili yako. Skuli au sokoni kaa pembeni ya ndoo ya koki nusu saa, uhesabu wanaopita na wanaonawa kwa sabuni. Siku ya kwanza usiitie hesabuni, kwani watu hunawa wakijua wanatazamwa. Na tafadhali, "hakunawa" na "ndoo haina maji" viandikwe mbali mbali. Ndoo tupu ni deni la kamati, mpita njia hana kosa.

Kujua hali ya shehia nzima, nyumba 19 zinatosha. Chukua daftari la sheha: zikiwa nyumba 380, gawa kwa 19, upate 20. Piga kura ya namba kati ya 1 na 20, uanzie hapo, kisha kila ya 20. Usichague za kando ya barabara kwa kuogopa jua. Za ndani ndizo zinazosahauliwa. Lengo likiwa asilimia 80, nyumba zenye klorini ya kutosha zikitimia 13 au zaidi shehia imefika; kiwango kimeshushwa chini ya 15 kwa sababu sampuli ni ndogo. 12 kushuka, bado. Shehia moja usiitolee asilimia kwa nyumba hizo 19.

Majina usiandike. Sheha apewe jumla tu. Jina moja likitajwa barazani, ziara ijayo utafichwa hata mtungi.

SUALI: Kidonge kiliwaka waridi, mara rangi ikapotea. Kimeharibika? — Msomaji, Wete

JIBU: Huenda klorini imezidi mno, nayo huifuta rangi. Changanya sehemu 1 ya maji hayo na sehemu 9 za maji yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha jibu kwa 10.